Wauza ratiba za "siku tatu mjini", mnawaharibia watu safari: hata siku ya makumbusho kufungwa hamjui

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa malalamiko, mwenye moyo mwepesi apite kushoto.

Kuna hizi ratiba zinazozagaa mtandaoni, nyingine zinauzwa kwa hela kabisa: "Siku 3, vivutio 22". Picha kali, rangi za kuvutia, mishale juu ya ramani. Ukizisoma kwa utulivu unakuta ni orodha ya majina tu. Aliyeandika hakufungua tovuti ya makumbusho hata moja. Anayeumia ni mwenye siku tatu tu za kukaa, ambaye nusu siku ikipotea ni sehemu ya sita ya safari yake yote.

Tuanze na siku za kufungwa. Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay, ng'ambo ya mto tu, hufungwa Jumatatu. Sasa ratiba inakupanga Orsay Jumatatu na Louvre Jumanne, inaziita "siku za sanaa". Siku mbili, milango miwili iliyofungwa! Angegeuza tu, Louvre Jumatatu na Orsay Jumanne, mambo yangekaa sawa bila kubadilisha kitu kingine chochote. Uffizi ya Florence na Galleria Borghese ya Roma ni Jumatatu. Reina Sofía ya Madrid na Topkapı ya Istanbul ni Jumanne. Met ya New York ni Jumatano. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure, ila mwisho wa kuingia ni saa 6:30 mchana na foleni yake usipime. Tokyo mengi hupumzika Jumatatu, lakini Jumatatu hiyo ikiwa sikukuu yanafunguliwa, na mapumziko yanasogea hadi Jumanne. Yote haya yako wazi kwenye tovuti zao, ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna ratiba zinazompeleka mtu sehemu iliyofungwa kwa miaka. Pergamon ya Berlin ilifungwa yote Oktoba 2023 kwa ukarabati, na Centre Pompidou ya Paris ikafuata 2025 kwa kazi iliyopangwa kuchukua miaka mitano. Bado watu wananakili orodha ya 2019, wanabadilisha mwaka kwenye kichwa cha habari, wanaweka bei. Huo ni uvivu, na mimi nauita wizi.

Saa nazo. "Louvre, saa 10 hadi saa 12 jioni." Siku za kawaida Louvre inafungwa saa 12 jioni, ndiyo. Lakini mwisho wa kuingia ni saa nzima kabla, na nusu saa kabla ya kufunga walinzi wanaanza kuwatoa watu vyumbani. Toa muda wa ukaguzi wa mabegi mlangoni, toa muda wa kutembea hadi ukumbi unaoutaka, umebaki na lisaa kwa bahati. Wakati huohuo Jumatano na Ijumaa wanafunga saa 3 usiku, na jioni hizo ndizo zinazomfaa mtu wa siku chache: mchana unautumia kwingine, jioni unaingia watu wamepungua. Orsay wana Alhamisi yao hadi usiku, British Museum ya London wana Ijumaa. Ratiba nzuri inajengwa kuanzia jioni hizi, kwa sababu ndizo chache na haziwezi kuhamishwa. Vingine vyote vinazizunguka.

Na tiketi zenye saa maalumu. Anne Frank House ya Amsterdam tiketi zote ni za mtandaoni, na hutolewa kila Jumanne kwa ajili ya tarehe za wiki sita mbele. Van Gogh Museum palepale Amsterdam nao ni mtandaoni, kwa saa uliyochagua. Borghese unapewa saa mbili tu ndani, zikiisha mnatoka wote. Kwa hiyo mtu akikuandikia "pitia Anne Frank baada ya chakula cha mchana" bila kutaja wiki sita, ujue hajui anachokiongelea. Utaratibu ni huu: kamata kwanza tiketi ngumu kuliko zote, ndipo ununue ya ndege kama tarehe zinaruhusu, na tiketi nyepesi zifuate nyuma. Wao wanafanya kinyumenyume.

Usafiri sasa. Hapa ndipo povu linanitoka.

"Nunua kadi ya siku." Siku ipi? Kuna tiketi inayohesabu siku ya kalenda, inakufa usiku hata kama umeinunua jioni. Kuna inayohesabu saa 24, 48 au 72 tangu ulipoigonga mara ya kwanza. Na kuna ya wiki iliyofungwa, Jumatatu hadi Jumapili, haijali wewe umefika lini. Mtu anayetua Ijumaa saa 11 jioni na kuondoka Jumatatu saa 9 mchana, tiketi ya saa 72 inamfunika safari yote. Za siku ya kalenda atahitaji nne, na ya kwanza itatumika jioni moja tu. Pale Paris pasi ya wiki, Navigo Semaine, ikifika Ijumaa hawakuuzii tena ya wiki hiyo, wanakuuzia ya Jumatatu inayofuata. Wikendi yako yote iko nje ya pasi, na ratiba imeandika "kata Navigo ya wiki, utaokoa".

London ni hadithi nyingine. Huko huhitaji kadi ya siku kabisa: unagonga kadi ya benki, na makato yakifikia kikomo cha siku yanasimama yenyewe. Siku yao inaanza saa 10:30 alfajiri, na kikomo cha wiki ni Jumatatu hadi Jumapili. Ila hapa kuna mtego. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo iliyo ndani ya simu zinahesabika kama kadi mbili tofauti. Ukiingia kwa simu na kutoka kwa plastiki, mfumo unaona safari mbili ambazo hazijakamilika, na kila moja inatozwa nauli ya juu kabisa. Familia ya watu wanne haiwezi kugonga kadi moja. Kila kichwa na kadi yake. Hayo ndiyo ya kumwambia msafiri, si "London ina usafiri mzuri sana".

Kanda za nauli ndizo zinazoleta faini. Uwanja wa ndege wa Berlin, BER, uko kanda C, tiketi ya kanda A na B (AB) haifiki huko, na mkaguzi hasikilizi kwamba wewe ni mgeni: euro 60. Tiketi ya karatasi isiyogongwa mhuri kwenye kile kisanduku cha kituoni ni sawa na huna tiketi. Roma tiketi ya dakika 100 inakubeba kwenye mabasi utakavyo, lakini metro ni mara moja tu. Ukishatoka getini, kurudi ni tiketi nyingine. Na kule New York, MetroCard zinazotajwa kwenye ratiba hizi ziliacha kuuzwa mwisho wa 2025. Sasa ni kugonga kadi ya benki, simu au kadi ya OMNY, mfumo wao wa sasa wa nauli.

Dakika za kwenye ramani nazo zinadanganya wasiojua. "Metro dakika 12" ni treni ikiwa inatembea. Ongeza kushuka hadi jukwaani, kusubiri, kubadili njia (stesheni ya Châtelet ya Paris peke yake ina korido za kukuchosha kabla ya Louvre yenyewe), kutafuta mlango sahihi wa kutokea, kisha foleni ya ukaguzi. Hesabu ya kweli mlango hadi mlango ni dakika 35 hadi 40. Vivutio saba kwa siku maana yake umetumia zaidi ya saa nne njiani. Makumbusho makubwa mawili kwa siku ndiyo mwisho wa mwili wa binadamu, moja asubuhi na moja jioni, na katikati yake mtaa unaotembeleka kwa miguu.

Kadi za jiji za watalii, zile unazolipa mara moja uingie sehemu nyingi, sitazimaliza leo. Fanya hesabu ya kitoto: andika sehemu utakazoingia kweli, si zilizomo kwenye kadi. Futa ambazo ni bure tayari, maana British Museum na makumbusho ya Smithsonian ya Washington hayatozi kiingilio. Jumlisha zilizobaki, linganisha. Na kadi haikuondolei kupanga saa: mwenye Paris Museum Pass bado lazima aweke nafasi ya Louvre.

Manunuzi. Ratiba zote zinaweka "shopping" Jumapili, siku ya mwisho. Ujerumani Jumapili maduka karibu yote yamefungwa kwa sheria. Grand Bazaar ya Istanbul nayo Jumapili haifunguliwi. Kisha linakuja la kurudishiwa VAT, ambalo wanaliandika kwa mstari mmoja: "dai kodi yako airport". Ufaransa manunuzi lazima yazidi euro 100 duka moja ndani ya siku tatu, uwe unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, na fomu uombe dukani ukiwa na pasipoti. Ukifika uwanjani unathibitisha fomu kwanza, ndipo unakabidhi begi. Ukishakabidhi begi na bidhaa zimo ndani, forodha wakitaka kuziona huna cha kuwaonyesha. Uingereza yenyewe ilifuta marejesho hayo kuanzia Januari 2021, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, na bado kuna watu wanawapa wenzao matumaini ya kodi ya London. Acheni hizo.

NYONGEZA: naona mmenirukia huko chini.

Aliyesema "raha ya safari ni kuzurura, kupanga sana ni ushamba": zurura mkuu, hakuna aliyekukataza. Ila zurura mtaani, huwezi kuzurura ndani ya jengo lililofungwa.

Aliyedai vichwa vya watu haviwezi kukumbuka yote haya: havihitaji. Chora jedwali la safu nne: sehemu, siku inayofungwa, mwisho wa kuingia, tiketi inanunuliwa siku ngapi kabla. Sehemu sita, mistari sita. Anayeuza ratiba bila jedwali hilo na bila tarehe aliyohakiki, arudishe hela za watu.

Aliyeuliza mizigo siku ya mwisho: usiende nayo makumbusho. Louvre hawaingizi begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20, na British Museum begi la magurudumu linaishia getini. Acha hotelini, au kwenye makabati ya stesheni ambayo treni yako ya uwanja wa ndege inapitia, ili usirudi nyuma kulifuata. Na fika mapema, wikendi makabati makubwa ndiyo yanayojaa kwanza.