Mrejesho: kuchaji betri za sola kwa jenereta

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kutoka Tandahimba: mvua na mawingu kila siku, paneli hazijazi betri zangu mbili za 12V 100Ah, je, nichomeke tundu la DC la jenereta (lile la umeme kama wa betri) kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli kwenda kwenye betri, pale zinapoingia paneli?

Asanteni mlionikataza. Mimi mbishi, nilijaribu kwanza. Saa mbili nzima mita inasoma ampea 3, petroli inaungua bure. Volti za tundu lile zilikuwa karibu sawa na za betri, kwa hiyo hapakuwa na cha kusukuma.

Ndipo nikafuata ushauri wa chaja. Nimechukua ya ampea 20, inakula umeme wa 230V wa jenereta, klipu zake moja kwa moja kwenye betri. Kontrola nimeiachia paneli zake. Ndani ya saa nne na ushee volti zikafika 14.4, ampea zikaanza kushuka, dalili kwamba betri zinakaribia kujaa. Hapo nazima, jua likichungulia linamalizia. Lita mbili za petroli na kidogo. Siyo bei rahisi, lakini friji ya duka haizimi usiku.

Kilichogoma: betri moja. Aliyesema nizitenganishe nipime kila moja baada ya betri kupumzika usiku hakukosea. Mpya volti 12.7, ya zamani 11.8, na ilikuwa inainyonya mwenzake. Nimeitoa. Kwa sasa natumia moja, TV tumeisahau hadi nipate hela ya korosho.