Naomba ushauri: Herodotus wa Boiardo, nianze na Kigiriki au Kilatini?

Mtafiti Chipukizi
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu tafsiri ya Kiitaliano ya Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, ambayo mshairi Mwitaliano Matteo Maria Boiardo alimwandalia mtawala wa Ferrara, Ercole wa Kwanza d'Este. Kiitaliano nakisoma vizuri, lakini muda nilio nao unatosha kujifunza lugha moja tu ya kale. Msimamizi wangu anapendekeza Kigiriki, ili niweze kupima uaminifu wa mfasiri. Mnanishauri nini?

Msoma Nyaraka
Ndugu mleta mada, kwa heshima zote kwa msimamizi wako, anza na Kilatini. Boiardo aliegemea tafsiri ya Kilatini ya Herodotus iliyofanywa na mwanazuoni Mwitaliano Lorenzo Valla, yule yule aliyemkamilishia Papa Nicholas wa Tano tafsiri ya Thucydides, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, mwaka 1452. Kwa hiyo kila utakapoona Kiitaliano kimeachana na Herodotus, hutajua ni nani aliyepotoka mpaka uwe umemsoma Valla, na kumbebesha Boiardo kosa la mwenzake ni kumwonea. Kigiriki kingekufaa zaidi kama ungemchunguza tabibu Niccolò Leoniceno, aliyekijua vyema na ambaye pia alimfasiria Ercole historia za Kigiriki.

Karani wa Zamani
Naunga mkono, ila usisahau mazoezi ya kusoma miandiko. Wanakili walifupisha sana: kistari juu ya irabu husimama badala ya m au n, na p iliyokatwa mkiani husomeka "per". Usipoziona alama hizo utadhani mfasiri ameruka neno, kumbe lipo. Tena, toleo lililochapwa Venice mwaka 1533 lilitoka miaka 39 baada ya Boiardo kufariki, hivyo usilichukulie kuwa sawa na hati ya mkono bila kuvilinganisha.

Mtafiti Chipukizi
Nawashukuru sana. Je, niegemee Valla aliyechapwa au aliye kwenye hati?

Msoma Nyaraka
Valla alichapwa Venice mwaka 1474, wakati Ercole yuko madarakani, lakini hati zake nazo zilikuwa zikizunguka, kwa hiyo usiamue mapema. Chukua kisa cha Solon, mwenye hekima wa Athens, na mfalme Croesus katika kitabu cha kwanza cha Herodotus, kiweke Kiitaliano kando ya chapa hiyo na kando ya hati utakayoipata, kisha fuatilia majina ya watu na miji, kwa kuwa tahajia ya majina ndiyo hufichua upesi mfasiri alikuwa na nakala ipi mezani.