Usonji kwa mtu mzima: kwa nini anasikia sauti lakini maneno yanampotea?

Dada wa Pasiansi: Habari zenu ndugu. Kaka yangu, mtu mzima mwenye usonji, amepimwa masikio na kuonekana hana tatizo, lakini tukiwa mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, kati ya injini za mitumbwi na wanadi wa samaki, huniomba nirudie kila sentensi. Nini hutokea?

Mtaalamu wa usemi, Nyamagana: Dada, kipimo hicho hutafuta sauti hafifu kabisa ambayo mtu huisikia chumbani penye utulivu; hakipimi namna ubongo unavyochambua usemi kutoka kwenye kelele. Kelele hupanda na kushuka, na wasikilizaji wengi hudaka vipande vya maneno inaposhuka, ilhali tafiti zimeonyesha kwamba watu wenye usonji, kwa wastani, hawanufaiki na nafasi hizo fupi kwa kiasi kile cha wengine. Kwa watoto wenye usonji, mwitikio wa mwanzo wa gamba la kusikia, yaani sehemu ya ubongo inayochambua sauti, umepimwa ukichelewa kwa takriban milisekunde 10. Ni muda mdogo, lakini silabi hazimsubiri mtu. Cha kushangaza, baadhi yao hutofautisha kimo cha sauti, yaani wembamba au unene wake, vizuri kuliko sisi.

Mkazi wa Igoma: Nina usonji pia. Injini naisikia kwa ukamilifu uleule ninaosikia nao sauti yako, na hilo ndilo tatizo. Shikamoo ya ghafla hunikuta bado nachambua sentensi iliyopita, nami huonekana sina adabu. Usipaze sauti, dada. Mwandikie ujumbe, au msogee pembeni.