Hiyo "video adimu ya Idi Amin" mnayosambaza ni Forest Whitaker, jamani!

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiuhamishe uzi huu kwenda kule kwenye burudani. Nataka usomwe na watu wa siasa na historia, maana wao ndio wagonjwa wakubwa wa kusambaza vipande vya filamu kama video za kweli.

Mimi ni mtu wa televisheni. Pombe sinywi, mpira niliachana nao kabla haujaniua kwa presha. Jioni nikishaoga na kula, nashika rimoti. Na filamu ninazozipenda kuliko zote ni zile za maisha ya watu walioishi kweli. Starehe yenyewe ndiyo hiyo moja tu, na mmeiharibu nyinyi wakata vipande.

Ijumaa iliyopita mpwa wangu karusha video kwenye kundi la familia. Sekunde 40 hivi. Juu imeandikwa: "ADIMU! Idi Amin akihutubia wananchi baada ya kupindua nchi, 1971. Itazame kabla hawajaifuta." Waifute akina nani? Picha imegeuzwa nyeusi na nyeupe, ikatiwa mikwaruzo ya bandia ionekane mkanda wa zamani, halafu chini kinanda cha msiba. Sikumaliza hata sekunde tano. Lile jicho la kushoto, kope imeshuka nusu. Dunia nzima inalijua jicho lile. Ni mwigizaji Forest Whitaker, ndani ya filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyompa Oscar mwaka uliofuata.

Nikaandika kwa adabu kabisa: "Mjomba, huyu ni mwigizaji." Kosa.

"Wewe 1971 ulikuwepo?" Sikuwepo. "Basi tulia, wenzio tunajifunza."

Mwingine akadai kama ni mwigizaji mbona anaongea Kiswahili. Kwani Kiswahili ni damu? Jamaa alijifunza kwa ajili ya kazi, na sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Uganda kwenyewe. Stika za kucheka zikamiminika. Halafu shangazi, ambaye namheshimu sana na ndiye aliyenilipia ada ya sekondari, akaja na ya kwake: "Mimi huwa namhurumia yule daktari mzungu, Mskochi wa watu, walivyomtundika kwa ndoano pale Entebbe."

Wakuu, yule daktari hajawahi kuzaliwa! Huyo Nicholas Garrigan wa kwenye filamu katoka kwenye kichwa cha Giles Foden, aliyeandika riwaya yenye jina sawa na la filamu mwaka 1998. Amin ni wa kweli, Wahindi kufukuzwa 1972 ni kweli, ndege iliyotekwa kutua Entebbe 1976 ni kweli. Huyo kijana anayepita katikati ya yote hayo na kulala na mke wa rais ni wa kubuni. Sasa nitamwambiaje shangazi kwamba huruma yake ya miaka yote imekwenda kwa mtu asiyekuwepo?

Na hapa niwaseme pia hawa wa vituo vya televisheni. Filamu ikifika mwisho tu, kabla herufi ya kwanza haijapanda, pyaa! Tangazo la sabuni. Kumbe kwenye yale maandishi madogo ndiko wenyewe wanakokiri kwamba baadhi ya watu na matukio yamebuniwa. Mimi ni katika wale wachache wanaopenda kuyasoma, na nalipia kifurushi kila mwezi, sijapewa bure. Niachieni dakika mbili zangu.

La Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, linaniuma zaidi kwa sababu mimi ni mtu wa Unguja. Kuna ukurasa mmoja una wafuasi kibao, uliweka ile sehemu ya filamu ya Bohemian Rhapsody anapowaambia wenzake wa Queen kwamba ana UKIMWI, kabla ya kupanda jukwaani kwenye tamasha la Live Aid. Maelezo yake: "Siku Mzanzibari huyu alipowaficha walimwengu lakini akawaambia ndugu zake, Julai 1985." Watu wanalia kwenye maoni. Mioyo iliyovunjika, mikono ya dua.

Live Aid ilikuwa 13 Julai 1985. Jim Hutton, aliyeishi naye mpaka mwisho, alieleza kwamba Freddie aligundulika na ugonjwa huo 1987. Miaka miwili baadaye! Waliotengeneza filamu waliusogeza ugonjwa nyuma ili lile onyesho litutoe machozi. Tena wanaonyesha kama kundi lilishasambaratika, hawajapiga pamoja siku nyingi, wakati Januari ya mwaka uleule walikuwa Brazili wanapiga kwenye tamasha la Rock in Rio. Nilipoyaandika hayo nikajibiwa "wewe una roho mbaya." Nikafungiwa nisitoe tena maoni.

Halafu huyo "Mzanzibari" wao, filamu inamfungulia maisha Heathrow 1970 akipakua mizigo ya watu. Farrokh Bulsara aliyezaliwa Mji Mkongwe 1946, familia ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, anapitishwa kwa maneno mawili matatu mezani. Hapo ndipo pa kulalamikia kama mna uchungu na Uzanzibari wake, lakini kipande cha namna hiyo hakipo cha kukata, kwa hiyo hamna habari.

Sisemi sijawahi kudanganyika. Enzi za kibanda umiza niliona Bloodsport ya Van Damme, mwishoni wakaandika rekodi za Frank Dux, mpiganaji anayemwigiza: eti kaangusha watu 56 mfululizo kwa nokauti kwenye shindano moja. Niliamini mpaka nikawa na ndevu. Siku moja nikakaa na kikokotoo: kwa kuwa kila raundi nusu ya watu wanatoka, shindano la mtoano lenye raundi 33 tu linahitaji watu wengi kuliko binadamu wote walio hai. Yeye katoa 56.

Turudi kwenye kundi. Jumapili nikaamua kwenda kwa mzee. Mzee wangu alikuwa jeshini, alivuka Kyaka na wenzake, na Aprili 1979 Kampala ilipoanguka alikuwa upande wa pili huko. Nikasema huyu ndiye shahidi, wote watanyamaza. Nikamwamkia, nikamwekea video, nikawasha na kinasa sauti ili jibu lake nilirushe moja kwa moja.

Akavaa miwani. Akaitazama yote. Akairudia.

"Huyu si Amin," akasema. Nikasema moyoni, asante Mungu! "Huyu namjua. Si yule askari aliyekuwa akimfukuza Van Damme kule Hong Kong?"

"Ndiye huyohuyo, mzee! Ndiye Forest Whitaker!"

"Eeh. Basi hii ni maigizo tu, mwambie mpwa wako afute." Akanirudishia simu, akavua miwani. "Ile ya Van Damme ndiyo ilikuwa kisa cha kweli. Waliandika kabisa mwishoni."

Sauti ninayo hapa, dakika moja na nusu. Sijairusha.