Likizo ya wawili Kilwa au Mafia: siku sita, IST, na mke anayechafukwa na bahari

Mkazi_wa_Tabata

Wakuu, naomba ushauri wa watu wanaoijua kusini. Mimi na mke wangu tuna siku sita za likizo mwezi Septemba, tarehe bado tunaweza kuzisogeza. Mtoto anabaki kwa bibi yake. Zanzibar, Bagamoyo na Arusha tunaziruka, tunataka mahali ambapo mtu anaweza kukaa ufukweni nusu saa bila kuuziwa bangili.

Tumebaki na Kilwa na kisiwa cha Mafia. Tunatoka Dar na gari letu, Toyota IST. Mke wangu bahari inamchafua haraka. Bajeti si ya hoteli za watalii, lakini gesti ya kelele pia hatutaki. Tuanze wapi, na kitu gani huwa kinaharibika safari za aina hii?

---

Bamvua_na_Maji_Mafu

Kwa siku sita, mkiwa na gari na mtu anayechafukwa, nendeni Kilwa. Msijaribu kubana sehemu zote mbili, nusu ya likizo itaishia njiani na kwenye foleni ya pantoni.

Kinachoharibu safari ya Kilwa ni maji, tena kwa sababu watu hupanga tarehe kwa kalenda ya ofisi wakati chombo kinakwenda kwa mwezi. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa (mwezi mwandamo tarehe 1 na 15, na siku mbili tatu zinazofuata), maji hujaa kama saa kumi na kitu alfajiri na jioni, na hukauka kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi. Hiyo saa nne ndiyo saa ambayo mgeni ameshakunywa chai na yuko tayari kupanda boti! Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita mita tatu, kwa hiyo boti inakaa mbali na ninyi mnatembea kwenye tope la mikoko na viatu mkononi. Kila siku maji yanachelewa kwa karibu dakika 50, basi hesabu ni rahisi.

Siku nzuri za kwenda Songo Mnara, kisiwa chenye magofu, ni mwezi mwandamo tarehe 10 hadi 12, au 25 hadi 27. Hapo maji yanajaa kati ya saa sita na saa nane mchana. Mnaondoka Kilwa Masoko, mji wa bara wenye gati, saa mbili na nusu, mnafika yakiwa yanapanda, mnazunguka magofu kwa muda wa saa mbili, mnaingia chomboni yakiwa bado yamejaa. Angalieni tarehe ya mwezi mwandamo kwanza, ndipo mwombe likizo.

Kisha upepo. Septemba kusi (upepo wa kutoka kusini) bado lipo ingawa nguvu imepungua ukilinganisha na Juni na Julai. Asubuhi bahari hutulia, kuanzia saa tano upepo unaamka. Songo Mnara iko kusini ya Masoko, hivyo kwenda mnaelekeza omo (mbele ya chombo) kwenye upepo na kurudi mnasukumwa. Kwa boti ya mashine ni saa moja hadi moja na nusu kila upande. Kwa tanga, kwenda ni kubisha, yaani kukata upepo huku na huku, na mwenye kuchafukwa hatakusamehe. Tanga liwekeni kwa Kilwa Kisiwani tu, kisiwa cha magofu kilicho mbele ya Masoko, ni kilomita mbili hivi na mnavuka kwa raha.

Kwa shemeji: kidonge cha safari (mfamasia atamchagulia) kinamezwa saa moja kabla ya kupanda. Akishaanza kutapika kimechelewa. Asubuhi hiyo asinywe chai ya maziwa, ale mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha. Akae nyuma karibu na katikati ya chombo, asikae omo, macho ayaweke kwenye upeo wa bahari na simu aiweke mfukoni. Harufu ya petroli inachafua kuliko wimbi, basi akae upande unakotoka upepo.

---

Kilomita_za_Kusini

Kuhusu barabara. Dar hadi Kilwa Masoko ni kilomita 300 na ushee, lami mwanzo mwisho. Kwa IST kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya huko, wekeni hesabu ya lita 50.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mkichelewa hadi saa moja, Mbagala hadi Kongowe itawala saa nzima peke yake. Baada ya hapo ni Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa juu ya Rufiji (refu kama mita 970, lilifunguliwa 2003), Muhoro, Somanga, halafu Nangurukuru. Nangurukuru mnaacha barabara ya Lindi na kukata kushoto. Somanga simameni mle samaki wa kukaanga, ila chagueni aliyetoka kwenye mafuta sasa hivi, yule wa kwenye beseni tangu asubuhi mwacheni.

Vijiji ni vingi na kila kijiji mwendo ni 50. Askari wa usalama barabarani wako na kamera, faini ni 30,000 kwa kosa moja, na makosa mawili kwa safari moja ni hela ya chakula cha jioni cha watu wawili ufukweni. Kibao cha kumaliza 50 kisubirini mkione kwa macho, msikikisie.

Usiku msiendeshe. Baiskeli hazina taa, na lori likiharibika hawaweki pembetatu, wanatandaza matawi ya miti barabarani. Ukiona tawi la kwanza punguza mwendo palepale, lori liko mita chache mbele. Kwa IST, ambayo taa zake si za kutisha, hilo ni jambo la kuzingatia.

Na kwa anayesoma uzi huu akipanga Aprili au Mei: acha. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya zilikata barabara hii maeneo ya Somanga na magari yalikwama siku kadhaa. Septemba haina shida hiyo.

Asiye na gari achukue basi la Kilwa pale Mbagala Rangi Tatu. Basi la Lindi au Mtwara litakushusha Nangurukuru, hapo utamalizia kwa hiace au bajaji.

---

Potwe

Mimi niitetee Mafia kidogo. Pantoni inaondokea Nyamisati. Mnaacha barabara kuu pale Bungu, kabla ya Kibiti. Nyamisati iko kwenye delta ya Rufiji, kwa hiyo ratiba nayo inafuata maji na inahama. Pigeni simu siku moja kabla, na hiyo siku ya kuvuka msiipangie kitu kingine.

Lakini kwa Septemba sibishani na waliotangulia. Papa potwe, ambaye ndiye watu wanamfuata Mafia, huonekana vizuri pale mbele ya mji wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari. Kwenda Septemba ni kulipia safari ya harusi na kukuta bibi harusi bado yuko saluni. Mafia iwekeni Novemba ya mwaka mwingine, laleni Utende, na mkumbuke kiingilio cha hifadhi ya bahari kinahesabiwa kwa siku mlizokaa ndani.

---

Mkazi_wa_Tabata

Asanteni sana, Kilwa imepita. Mafia tumeiahirisha, mke amecheka sana hiyo ya saluni. Sasa: kibali cha magofu kinapatikana wapi, nahodha tunampataje bila kupigwa bei, tulale Masoko au Kivinje, na mavazi yakoje?

---

Binti_Kivinje

Laleni Masoko. Kivinje ni mji wa kutembelea nusu siku, nyumba za mawe zinaanguka, milango ya nakshi imebaki michache, boma la Wajerumani lipo, na mwembe ambapo Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa mwaka 1895. Nendeni jioni jua likipungua, mnywe kahawa, mrudi. Masoko kuna ufukwe wa Jimbizi, kuna benki, na vyombo vya kwenda visiwani vinaondokea hapo. Chumba kitafuteni upande wa Jimbizi. Gesti za karibu na stendi zina baa chini na muziki hadi saa nane usiku. Kabla ya kulipa jaribuni vitu vitatu: feni ikiwa kwenye namba ya mwisho, maji ya bafuni, na neti kama haina tundu. Gesti zingine zitawauliza kama ni mume na mke, picha ya cheti cha ndoa kwenye simu inamaliza maneno. Vitambulisho vyote viwili mkononi, kitabu cha wageni lazima kijazwe.

Kibali mnakata Masoko, kwenye ofisi ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori, ndiyo inayosimamia magofu siku hizi), kabla ya kwenda gatini. Raia wa Tanzania analipa kiwango chake, ambacho ni cha chini kuliko cha mgeni wa nje, ndiyo maana kitambulisho ni muhimu. Malipo ni ya serikali, mnapewa kontroo namba mnalipa kwa simu. Mkiambiwa mpe fulani taslimu atawapelekea, kataeni kwa upole. Risiti ibebeni, Kisiwani inaulizwa. Nendeni jana yake mchana, kwa sababu mtandao wa malipo ukisumbua asubuhi ya safari mtapoteza maji yote mliyoyahesabu na Bamvua hapo juu. Kiongozi wa kutembeza mtampata hapohapo, na msimkwepe: Kisiwani ni kijiji cha watu wanaoishi, magofu yako kati ya nyumba na mashamba yao.

Nahodha: bei ni ya chombo, haihesabiwi kwa kichwa. Semeni mapema ni kwenda wapi, saa ya kuondoka, saa za kusubiri, na mafuta ni ya nani. Ugomvi mwingi unatokana na hilo la mafuta. Mpeni nusu ya kununulia petroli, nusu mkirudi. Kabla ya kupanda angalieni kwa macho yenu jaketi okozi mbili zenye mikanda mizima, makasia, plagi ya akiba ya mashine, na ndoo ya kutolea ngama (maji yanayoingia chomboni). Chombo kisicho na makasia msipande hata kama mashine ni mpya.

Kisiwani tengeni muda wa saa nne. Mnashukia karibu na Gereza, ngome waliyoanza Wareno 1505, ingawa kuta mnazoziona nyingi ni za wakati wa Waarabu wa Omani. Kutoka hapo ni hatua chache kwenda Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11. Upande wa kuba ni nyongeza ya karne ya 14. Ingieni chini ya kuba mtazame dari ya mawe ya tumbawe, na ukizungumza polepole sauti inarudi. Husuni Kubwa iko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya mwamba: jumba la Sultani al-Hassan bin Sulaiman, yuleyule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipopita mwaka 1331. Watu wengi wanaiacha wakiwa wamechoka, na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwa watu wawili. Kuna birika la pembe nane, kuna bahari chini, na mara nyingi hakuna mtu mwingine. Anzeni huko asubuhi wakati miguu ina nguvu, mrudi Msikitini na Gereza mwisho. Maji yakiwa juu, muulizeni nahodha kama anaweza kuwashusha upande huo moja kwa moja.

Maji ya kunywa lita tatu kwa watu wawili, chenchi ndogondogo, kofia. Mavazi: shemeji avae dera au suruali pana na mtandio, wewe kaptula iache Jimbizi. Kuogelea ni Jimbizi, mbele ya kijiji hapana.

---

Bamvua_na_Maji_Mafu

Binti Kivinje amemaliza. Naongeza mpangilio tu. Siku ya kwanza mnaingia Masoko mchana, mnakata kibali, mnaongea na nahodha. Ya pili Kisiwani. Ya tatu Jimbizi na Kivinje jioni, kupumzika tu. Ya nne Songo Mnara. Ya tano muiache tupu kabisa, ndiyo akiba: upepo ukikataa siku ya nne, mnasogeza. Wanaopanga kisiwa siku ya mwisho ndio wanaomlazimisha nahodha kutoka wakati yeye mwenyewe anatazama mawingu.

Songo Mnara vaeni viatu vya kufungwa ambavyo mko tayari kuvilowesha. Ndala zinabaki kwenye tope, na chini ya mikoko kuna chaza wanaokata kama wembe. Nguo ya kubadilisha na simu viwe ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mfuko wa kawaida hautoshi.

---

Mkazi_wa_Tabata

Nimefungua kalenda ya mwezi mwandamo sasa hivi. Tarehe nilizokuwa nimeombea likizo zinaangukia bamvua kabisa, mwezi mwandamo tarehe 14 hadi 19. Barua ya likizo naibadilisha kesho asubuhi.