Naomba ushauri: saa ya mkono ya kijana wa miaka 14, hapa Bukavu

Wandugu, jambo zenu.

Kijana wangu anasoma sekondari, simu haziruhusiwi shuleni kwao, na anatoka nyumbani Kadutu saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu. Anahitaji saa kwelikweli. Nimeweka dola 30, na hizo nimezikusanya pole pole.

Mwaka huu nimeshamnunulia mbili za sokoni, za dola 5. Ya kwanza mkanda ulikatika akicheza mpira. Ya pili iliingia maji siku alipooga ziwani; fundi aliifungua, akaikausha, akabadilisha betri, ikatembea siku tatu ikasimama. Iliniuma, maana alikuwa ameitunza.

Sasa nafikiria saa ya kampuni ya Casio. Aina ya F-91W naijua, imetoka tangu 1989, ni nyepesi na betri yake inakadiriwa miaka 7. Lakini ni ya kuvumilia mvua na kunawa, si ya kuogelea, na huyu Ziwa Kivu halimpiti jumamosi. Nyingine yao, W-800H, imeandikwa kuvumilia maji ya mita 100 na betri ya miaka 10. Naona hiyo ndiyo ingemfaa, ila mkononi mwake mwembamba itakuwa kubwa?

Maswali yangu ni mawili. Mwenye W-800H, mkanda wake wa plastiki umedumu muda gani kwa mtoto anayecheza kila siku? Na hapa mjini, mnatofautishaje ya kweli na ya kuiga kabla ya kutoa pesa?

Aksanti sana.