Mikumi hadi Mlimba kwa baiskeli wakati wa masika: njia inapitika?

Swali kutoka kwa Mwendo Pole, Morogoro

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi na mwenzangu tumekusudia kusafiri kwa baiskeli kutoka Mikumi hadi Mlimba kupitia Kidatu, Mang'ula na Ifakara, tukilifuata bonde la Mto Kilombero. Likizo yetu imeangukia Aprili na haisogezeki, kwa hiyo shauri la kungoja kiangazi halitatufaa. Baiskeli zetu ni za giya, zina tairi za unene wa wastani na madigadi ya chuma, na kila mmoja wetu atabeba mzigo wa kilo 12 hivi. Tumejiwekea siku sita. Naomba kuelezwa hali ya njia wakati wa mvua, hasa baada ya Ifakara, na namna ya kuvuka vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Udzungwa vikiwa vimejaa.

Jibu kutoka kwa Mwana wa Bonde

Karibuni sana, ndugu Mwendo Pole. Kwanza, nawasihi msiendeshe baiskeli kuanzia Morogoro, kwa sababu barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako tembo na simba huvuka wapendapo. Pakieni baiskeli kwenye basi mpaka Mikumi mjini, kisha muanzie hapo.

Kutoka Mikumi hadi Kidatu hamtapata taabu. Mkishavuka Ruaha Mkuu mnaingia kwenye mashamba ya miwa, na hapo Aprili ina neema yake, kwa kuwa kiwanda cha sukari kwa kawaida husimamisha uvunaji wakati wa masika na yale malori ya miwa yanayowasukuma waendesha baiskeli pembeni huwa yamepungua sana. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, kimejengwa kwa lami. Laleni Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, na mkipata asubuhi isiyo na mvua, pandeni mkayaone maporomoko ya Sanje, ambayo hayapendezi wakati wowote kama yanavyopendeza mwezi huo.

Mto wenyewe hamtauona vizuri mpaka Ifakara. Tengeni saa moja mwende darajani, kwenye daraja la mita 384 lililochukua nafasi ya kivuko, msimame katikati na kutazama. Wakati wa masika maji hutanda mpaka macho yanachoka, na mtaelewa kwa nini zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hili. Msishuke kando ya maji, kwani mamba na viboko wapo.

Jibu kutoka kwa Fundi Spoku

Mimi natengeneza baiskeli, na nitasema la baiskeli tu. Ndugu yangu, ondoa hayo madigadi ya chuma kabla hujatoka Ifakara. Mbele ya hapo mtakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hunata kwenye tairi, hubeba majani na changarawe, kisha hujishindilia ndani ya digadi mpaka gurudumu linagoma kabisa kuzunguka. Nimewahi kubeba baiskeli yangu begani karibu na kijiji cha Mbingu kwa sababu hiyo, nikisimama kila hatua hamsini kuchokoa tope kwa kijiti cha mwanzi. Chongeni vijiti viwili na mvifunge kwenye fremu, mahali ambapo mkono unafika bila kushuka.

Kila jioni osheni mnyororo kwa maji safi, mfute kwa kitambaa, kisha mtie oili kidogo. Mchanga ukilala humo usiku mmoja, giya zitaanza kuruka kesho yake. Bebeni breki za mpira za akiba, kwa kuwa tope la mchanga huzila haraka kuliko mnavyodhani. Ifakara ni mji wa baiskeli na mafundi ni wengi, lakini vipuri vingi ni vya baiskeli za kawaida za inchi 28, na vya giya msivitegemee.

Jibu kutoka kwa Mzee wa Mngeta

Wanangu, barabara ya kuelekea Mlimba inapita baina ya mlima na mbuga, kwa hiyo kila tone linaloanguka Udzungwa lazima liikate barabara hiyo kabla halijafika mtoni. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa juani, hana hata wingu juu ya kichwa, na kijito kilicho mbele yake kikapanda mpaka kiunoni. Msitazame anga, tazameni mlima. Ukiwa umefunikwa na wingu jeusi, ongezeni saa mbili za subira.

Mkifika kwenye kijito kilichojaa, chomekeni kijiti ukingoni, pale pale maji yanapoishia, kisha mkae. Maji yakikipita kijiti, au yakiwa mekundu na yanabeba matawi, juu bado kunanyesha. Yakirudi nyuma na kuacha ukingo wenye povu, yanashuka, na vijito vya mlimani hushuka upesi kama vilivyopanda. Hata hivyo msivuke kabla ya mwenyeji, na maji yaliyozidi goti yenye mkondo msiyaingie na baiskeli iliyopakiwa.

Reli ya TAZARA inafuatana nanyi Ifakara, Mngeta, Chita hadi Mlimba. Mkikwama, ulizeni kwa mkuu wa stesheni ni siku gani treni inapita. Na chandarua msiache, mbu wa bonde hili hawana mchezo.

Mwendo Pole

Shikamoo, mzee wangu, na asanteni wote. Tumekubaliana kuondoa madigadi na kuongeza siku mbili. Mzee, baina ya Mbingu na Mngeta, ni kijito kipi tukikikuta kimejaa ni afadhali tugeuze kabisa?

Mzee wa Mngeta

Marahaba, mwanangu. Hapana kimoja ninachoweza kukutajia, kwa maana kila mwaka maji huchagua pa kubomoa. Mkifika Mbingu, ulizeni vijana wa bodaboda walioingia asubuhi hiyo kutoka Mngeta, mtazame na magurudumu yao yamelowa mpaka wapi.